Nani Kampangia Matarajio Mtoto wa Malindi?

Tangu matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani mpya wa Gredi ya 9 hapa Kenya, yatoke mwishoni mwa 2025, wazazi wa Malindi tumelazimika kujifunza lugha mpya. Zamani swali la jirani lilikuwa moja: mtoto kapata ngapi? KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, ilianza 1985 ikafa 2023, na kwa miaka yake mingi ya mwisho jibu lilikuwa namba kati ya 500, basi. Sasa mtoto wa Gredi ya 9, mwenye miaka 14 au 15, anapewa, kwa kila somo, kimoja kati ya viwango vinane vilivyopangwa katika mafungu manne: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, na chini kabisa, mbali na matarajio.

Waliotunga mtaala wa umilisi walikuwa na nia njema. Walitaka kupunguza vita vya alama, mtoto asikonde kwa ajili ya pointi mbili. Lakini msikilize kijana aliyepewa lile fungu la mwisho, utaona kuna jambo limewaponyoka. Alama 187 kati ya 500 ni habari ya mtihani. "Mbali na matarajio" ni habari ya watu: kuna waliokutarajia, nawe ukawaangusha. Hakuna anayemwambia ni kina nani hao, wala walikaa lini kumtarajia.

Mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliandika hesabu fupi sana. Kiasi mtu anavyojithamini, alisema, ni mafanikio yake yakigawanywa kwa matarajio yake. Ukitaka jibu likue una njia mbili: ongeza mafanikio juu, au punguza matarajio chini. Akajitolea mfano mwenyewe. Alikuwa kaiweka nafsi yake yote katika saikolojia, kwa hiyo akikutana na mtu anayemshinda humo huona aibu. Kigiriki hakijui, na hilo halimkoseshi usingizi, kwa sababu hakuwahi kutaka kuwa bingwa wa Kigiriki.

Mtu mzima anaweza kuongea hivyo. Anachagua anachotaka kupimwa nacho, mengine anawaachia wenyewe. Kijana wa miaka 14 hana ruhusa hiyo. Kigiriki chake kachaguliwa na wengine: wizara, mama, mwalimu, na siku hizi watu asiowajua walioko ndani ya simu. Tukikutana shuleni tunazungumza mafanikio tu, namna ya kuyapandisha. Ile namba ya chini, ya matarajio, hatuigusi. Mimi nadhani maumivu mengi ya vijana wetu yanaanzia huko chini, na ndiko ningependa tuangalie.

Kwanza niondoe dhana moja. Inasemwa sana kwamba mtoto akibalehe tu, kujiamini kwake huporomoka. Mwaka 2018 Ulrich Orth na wenzake walikusanya tafiti zenye sampuli 331 na washiriki 164,868, wakafuatilia jinsi watu wanavyojithamini tangu utotoni hadi uzeeni. Walichokuta ni kwamba hali hupanda kuanzia miaka 4 hadi 11, hutulia palepale kati ya 11 na 15, kisha hupanda kwa kasi hadi 30, na kuendelea polepole mpaka kilele cha miaka 60 hivi. Sampuli nyingi ni za nchi tajiri, kwa hiyo siwezi kuziapia hapa Maweni au Muyeye. Hata hivyo zinatosha kutuonya: ujana wenyewe si maradhi. Wastani wa watoto wote haushuki. Wanaoshuka ni baadhi, na hao wana sababu zao.

Kinachobadilika kwa wote ni upimaji. Mtoto wa miaka 6 hajilinganishi sana. Akikimbia kwake amekimbia. Akifika 12 anajua nani anamshinda mbio, nani anamshinda hesabu, nani anapendeza kuliko yeye. Susan Harter wa Chuo Kikuu cha Denver alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kijana hajioni kwa jumla tu. Anajipima sehemu sehemu: masomo, michezo, kukubalika na wenzake, tabia, sura na umbo. Anaweza kuwa juu kwenye moja akawa chini kwenye nyingine. Uzito wa kila sehemu unategemea yeye mwenyewe anaiona ina maana kiasi gani kwake. Na katika sehemu zote hizo, iliyofungamana zaidi na kujithamini kwa jumla ilikuwa sura na umbo. Masomo yalikuja nyuma. Nadhani walimu wengi watalikataa hilo, na wasichana wengi hawatashangaa.

Halafu kuna macho ya watu. David Elkind aliandika mwaka 1967 kwamba kijana huishi mbele ya hadhira ya kubuni: anaamini kila mtu anamtazama, kila mtu ameiona ile chunusi. Ni wazo zuri, na lina kweli. Ila nashuku Elkind hakuwahi kukaa mtaa wa Shela. Hapa kwetu hadhira si ya kubuni. Kijana akisimama na msichana karibu na stendi baada ya magharibi, habari inafika nyumbani kabla yeye hajavuka barabara, tena ikiwa imeongezwa chumvi. Sauti ikianza kukwaruza, vijana wa baraza wanaiiga. Msichana akivunja ungo, shangazi watatu wanajua, na mmoja wao ataitaja mbele ya watu akidhani anatania. Tunamwambia kijana asijali watu wanasema nini, katika mji ambao watu kweli wanasema.

Dawa iliyozoeleka ni mhamasishaji. Wiki chache kabla ya mtihani shule inaalika mtu mwenye suti na kipaza sauti, anawasimamisha watoto juani wapige kelele: "Mimi ni mshindi! Mimi ni bora!" Nimehudhuria hafla za aina hii na sikatai, watoto hucheka, na kucheka si haba. Lakini wazo lililo nyuma yake limeshajaribiwa kwa gharama kubwa kuliko suti ile. Mwaka 1986 jimbo la California liliunda jopo rasmi la kukuza kujithamini, kwa msukumo wa mbunge wa jimbo John Vasconcellos, aliyeamini kwamba watu wakijithamini, uhalifu, dawa za kulevya na mimba za utotoni vitapungua. Ripoti ikatoka 1990, na shule nyingi za Marekani zikaingia katika kusifu watoto. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo. Wakakuta kujithamini sana hakumfanyi mtoto afaulu darasani. Uhusiano mdogo uliopo unaelekea zaidi upande wa pili, yaani anayefanikiwa ndiye anayekuja kujithamini. Wala hakumzuii kijana kuvuta sigara au kuanza mapenzi mapema. Kinachosaidia ni furaha, na kutokukata tamaa upesi baada ya kushindwa. Hayo si machache, lakini siyo yale yaliyoahidiwa.

Kuna utafiti mwingine naupenda zaidi. Mwaka 2014 Eddie Brummelman na wenzake huko Uholanzi waliwapa watoto picha ya mchoraji maarufu waichore kwa kuiga. Kisha kila mtoto alipata kijibarua kilichodaiwa kutoka kwa mchoraji wa kazi. Wengine waliambiwa wamechora vizuri. Wengine waliambiwa wamechora vizuri ajabu, uzuri usio kifani. Wengine hawakusifiwa kabisa. Baadaye wakaruhusiwa kuchagua picha nyingine, nyepesi au ngumu. Wale waliojiona duni, waliposifiwa kupita kiasi, wakakimbilia nyepesi. Sifa kubwa iliwawekea deni: nikikosea sasa watajua sikuwa ajabu. Na wale waliojiamini tangu mwanzo ndio sifa ileile iliwasukuma kwenye ngumu. Maana yake, mtoto tunayemwonea huruma tukammiminia sifa ndiye anayeumia nazo.

Bibi zetu, waliosema "Mashallah" kwa sauti ya chini wakaishia hapo wakihofia kijicho, wangeielewa habari hii bila jarida. Ila nisiwapambe sana. Nyumba hizohizo zisizosifu zilijua kudhihaki. Mtoto aliitwa kwa kilema chake mpaka akazeeka nacho, na mweusi wa nyumba aliambiwa kila siku kwamba kamfuata baba, kana kwamba kafuata kesi.

Ngoja nikuoneshe kitu. Nyumba ya harusi, Barani, chumba cha nyuma, kina mama tumejaa mkekani na feni inazunguka bila faida. Katikati kakaa msichana wa Gredi ya 9, mguu mmoja kaukunja, koni ya hina mkononi na kikombe cha piko pembeni. Mbele yake mama mmoja mwenye hadhi mjini, mke wa mtu, kanyoosha mkono kama alivyoagizwa. Anacheka na wenzake, mkono unatikisika.

"Bi mkubwa, tulia kidogo, ua litapinda."

Akatulia. Akanyamaza kabisa, kwa kweli. Shangazi wa bibi harusi akauliza kutoka mlangoni: "Mwanangu, miguuni tupandishe mpaka wapi?"

"Kwenye kifundo tu, shangazi. Yeye si mrefu, tukipandisha tutamfupisha zaidi."

Hakuinua macho kujibu. Na shangazi, ambaye sijawahi kumwona akikubaliana na mtu juu ya jambo lolote, akasema haya, na akaondoka.

Mamake aliniambia baadaye kwamba darasani mtoto huyu hafungui mdomo. Kiingereza kinamtoa jasho, na akitamka neno vibaya kuna kundi la nyuma linalolirudia mpaka kengele ya mapumziko. Masomo mawili makubwa yako mbali na matarajio. Ukimtazama na kamusi mkononi utaandika ripoti ya mtoto asiyejiamini. Ukimtazama na koni mkononi utaandika ripoti nyingine, na zote mbili zitakuwa za kweli, za wiki moja, za mtoto mmoja.

Mark Leary aliandika tangu 1995 kwamba kujithamini ni kipimo tu, kinachompa mtu habari kama wenziwe wanamkubali au wanamtenga. Ni geji ya mafuta ya bodaboda. Sindano ikishuka, kuipigia kelele ipande hakukufikishi Watamu, tia mafuta. Mhamasishaji anashughulika na sindano. Kina mama wa Barani, bila kujua, walikuwa wanatia mafuta: walimpa msichana mikono yao, wakamtii, na mwisho wakamlipa.

Najua nitaambiwa: hina haijengi nyumba. Nitajibu kwamba kwa harusi za Malindi na Lamu kuna wanaojenga, lakini siyo hoja yangu, wala sisemi aache shule apambe mabibi harusi. Hoja ni kwamba mtoto huyu ana mahali ambapo asipokuja, kazi inasimama. Mtoto mwenye mahali kama hapo anaweza kushindwa hesabu Jumatatu akabaki mzima. Asiye napo, karatasi ya hesabu ndiyo yeye mwenyewe.

Nikitazama vijana wengi wa mjini naona tumewapunguzia mahali. Zamani, hata katika ufukara, kijana wa miaka 14 alikuwa na kazi zake: anasukuma ngalawa, anashika tanga, anaongoza kasida kwenye Maulidi, anapiga twari, anachunga mbuzi kule Ganda, anamwangalia mdogo wake. Msichana alikuwa na somo wake, mwanamke asiye mamake anayeweza kumweleza mambo ya mwili bila fedheha. Sikumbuki haya kwa kuyalilia. Kazi nyingine zilikuwa unyonyaji mtupu, na somo mwingine alimfunza binti kuvumilia mambo yasiyovumilika. Lakini yalikuwa mengi, na wingi wake ulikuwa na faida yake: aliyeshindwa huku alipata huku. Leo muda wote umeingia shuleni, na tuisheni, na yaliyobaki yameingia kwenye simu. Vipimo vimebaki viwili, gredi na sura.

Hata hivyo, shule ingeweza kuwa na vipimo vingi kama ingetaka. Chukua lugha. Malindi ina watoto wanaoongea Kigiriama nyumbani, Kiswahili barabarani, na Kiitaliano cha kutosha kuuza samaki, kuelekeza mgeni na kubishana bei. Sijui miji mingapi ya Kenya ina vijana wa namna hiyo. Mtoto huyo akivuka lango la shule anaambiwa hajui lugha, kwa sababu inayohesabika ni moja, na akiteleza akasema Kigiriama, zipo shule ambazo bado zinamtundikia disk shingoni atembee nayo hadi atakapomkamata mwenziwe. Lugha tatu kichwani, kibao shingoni.

Na tusijifanye hatujui nani anavaa kibao hicho mara nyingi zaidi. Katika mji huu neno Mnyika bado hutupwa kwa mtoto wa Kigiriama kama tusi, na wanaolitupa wamelitoa nyumbani. Sanamu ya Mekatilili wa Menza imesimama hapahapa Malindi. Mama aliyewakusanya Wagiriama dhidi ya Waingereza, akakamatwa 1913, akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi. Watoto wanapelekwa kuitazama sanamu, wanaandika insha, wanarudi darasani, na yule wa kutoka kijijini anaendelea kuchekwa lafudhi. Huwezi kumfundisha mtu ajivunie bibi yake aliyekufa huku unamwonea haya yule aliye hai.

Kesi ya pili inawahusu wale waliofaulu, maana wao pia huumia na hakuna anayewatazama. Herbert Marsh, tangu miaka ya 1980, ameonyesha jambo linaloitwa samaki mkubwa katika kidimbwi kidogo. Chukua wanafunzi wawili wenye uwezo sawasawa. Mmoja mpeleke shule ya wastani, mwingine shule ya vichwa vikali. Wa pili atajiona dhaifu kuliko wa kwanza anavyojiona, kwa sababu anajilinganisha na walio karibu naye. Matokeo hayo yamerudiwa katika nchi nyingi. Sasa fikiria kijana wa Ngomeni aliyekuwa wa kwanza shule nzima, aliyesindikizwa na ukoo mpaka kwenye basi na sanduku jipya, akaenda shule ya kitaifa huko bara. Mwisho wa muhula yeye ni wa 41. Hajapungua akili hata kidogo. Lakini anarudi likizo kimya, haji barazani, na wazazi wanadhani ni majini au mapenzi.

Mpangilio mpya wa sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, umezigawa shule katika makundi, kuanzia C1, zile zilizokuwa za kitaifa, hadi C4, zilizokuwa za kaunti ndogo, na mwaka huu nimewaona wazazi wakipigania C1 kama wanaopigania nafasi kwenye mashua. Ningewaomba waulize jambo moja kabla ya kununua sanduku: nani atakayemwambia mtoto, kabla hajaondoka, kwamba huko atakuwa wa kawaida na hilo si aibu?

Kuhusu simu sitakaa sana, kwa sababu imesemwa mpaka imechosha, na nusu ya wanaosema wanatumia filta. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook zilizovujishwa na Frances Haugen zilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana waliohojiwa walisema, wanapojisikia vibaya juu ya miili yao, Instagram huwazidishia. Kwetu simu haikuleta ugonjwa wa weupe, iliukuta. Krimu za kujichubua zilikuwepo kwenye maduka ya Malindi kabla ya mtandao wowote, na aliyempelekea msichana kopo la kwanza mara nyingi ni ndugu yake wa kike mwenye mapenzi naye. Simu imeongeza tu idadi ya wanaomtazama.

Hapa pana jambo zito zaidi. Mwaka 2006 ripoti ya UNICEF na serikali ya Kenya ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Pwani, Malindi ikiwemo, walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono inayofungamana na utalii. Sababu kubwa ni umaskini na watu wazima wasio na haya, wageni na wenyeji, na yeyote anayemtafutia mtoto kosa hapo ana lake. Lakini aliyewahi kuzungumza na hawa wasichana, na wavulana pia, wa ufuoni, atakuwa amelisikia jambo jingine chini ya habari ya pesa. Kwamba yule mgeni ndiye mtu mzima wa kwanza aliyemuuliza anapenda nini. Tunapomwachia mtoto mahali pamoja tu pa kuthaminiwa, tusishangae akienda kukaa hapo, hata kama mwenyeji wake ni mbwa mwitu.

Wiebke Bleidorn na wenzake walichapisha mwaka 2016 takwimu za watu karibu milioni moja kutoka nchi 48. Kote walikuta wanaume wanajithamini kuliko wanawake, na kwa mshangao wa wengi pengo lilikuwa kubwa zaidi katika nchi tajiri zenye usawa zaidi wa kijinsia. Usawa ukija na vipimo vipya vya sura na mafanikio, inaelekea msichana anapata haki na mzigo kwa pamoja. Nalitaja kwa ajili ya wale wanaodhani binti akishapelekwa shule nzuri kazi imekwisha.

Turudi kwa James na ile namba ya chini, maana kuna njia mbaya ya kuipunguza, na Kaunti ya Kilifi tunaijua vizuri. Ni kumwambia mtoto wa maskini asitamani. "Wewe utaolewa tu." "Kwenu nani kasoma?" Hesabu inakubali: ukipunguza matarajio mpaka sifuri, hata anayechota maji atajiona mfalme. Hiyo ni dhuluma iliyovaa kanzu ya busara. Msichana wa hina akitaka kuwa daktari wa meno, sitaki kumwona mtu mzima akimpunguzia chochote. Ninachotaka ni kwamba awe na mkono katika kuchagua anachopimwa nacho, na awe na zaidi ya kimoja.

Wazazi tunaweza kuanza na kitu kidogo kuliko tunavyodhani. Morris Rosenberg, aliyetunga mwaka 1965 kile kipimo cha sentensi kumi kinachotumika mpaka leo, alihoji zaidi ya wanafunzi 5,000 wa sekondari katika jimbo la New York. Kati ya aliyoyakuta, moja limenikaa: watoto ambao wazazi wao waliwajua rafiki zao walijithamini zaidi, na mzazi asiyejali kabisa alihusishwa na hali mbaya kuliko hata mzazi anayegomba. Sasa tazama nyumba zetu. Baba yuko baharini au Mombasa. Mama, kwa wengi siku hizi, yuko Saudia kwenye nyumba za watu, na anapata dakika chache za kupiga simu usiku, bosi akishalala. Katika dakika hizo anauliza nini? Umekula, umeswali, umepata ngapi. Simlaumu, bando linakwisha na machozi yako karibu. Lakini mtoto anajifunza kwamba safari nzima ya mamake, kupitia bahari mbili, imekuja kuulizia namba. Swali moja la nani alikuchekesha leo lingebeba zaidi, na halizidi sekunde tano.

Shule nazo zina sheria tayari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtendea mwanafunzi kwa namna ya kumdhalilisha, kimwili au kisaikolojia. Watu wanaikumbuka kwa kiboko. Je, kusoma majina ya darasa zima mbele ya wazazi, kuanzia wa mwisho, jinsi shule moja ya hapa ilivyofanya, na mtoto mmoja akatoka nje akijifanya anaenda msalani, kwaingia wapi? Mwaka 2014 wizara ilipiga marufuku kupanga shule na wanafunzi kwa nafasi katika mitihani ya kitaifa. Orodha zikahama magazetini zikahamia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, ambako hazina hata mhariri.

Serikali inasema katika sekondari pevu asilimia 60 ya wanafunzi waelekee sayansi na teknolojia, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Hiyo 15 ndiyo ninayoitazama. Tayari nimesikia mzazi akisema, mbele ya mtoto, kwamba sanaa ni ya waliofeli. Kama hivyo ndivyo tutakavyoipokea, basi tumefungua njia tatu na kuweka kibao shingoni kwa wanaopita moja wapo.

Kwa hiyo mkutano wa wazazi ujao, kabla ya kufikia ada na basi jipya, ningependa mmoja wetu asimame amuulize mwalimu mkuu: mtoto aliye wa mwisho darasani ana kazi gani hapa shuleni, ambayo asipokuja siku moja itakwama? Awe anatunza mabomba, anaongoza kwaya, anawafundisha wadogo kuogelea, anatafsiri wageni Waitaliano wanapokuja na msaada wao. Shule itakayonijibu kwa majina, hata kwa watoto watano tu wa mwisho, nitampeleka wangu huko, na iwe C4.